Blagica na Karatasi ya Friza

Ukimuuliza Blagica Trajkoska anafanya kazi gani, jibu linategemea umemkuta wapi. Ukimkuta dukani, aproni kiunoni, atakwambia anakaanga samaki. Ukimkuta Bucha, ukumbini kwao, siku ya Jumapili atakwambia anafanya kazi kwenye mpaka wa sauti, mwili na maandishi. Mimi mpaka niliomwona akiufanyia kazi ni ule wa karai na kaunta, na hapo hana mpinzani katika mji wetu wote wa Port Kembla.

Kazaliwa hapa hapa, wa wazazi waliotoka ng'ambo. Baba yake, Riste, alikuwa dereva wa winchi kiwanda cha chuma. Walimpa jina la Blagoja, wakidhani wamepata mtoto wa kiume. Alipofika miaka kumi na tisa akawaambia wamekosea, yeye ni mwanamke, ni Blagica. Mama yake, Stojna, alikuwa anamenya pilipili za kuchoma. Hakuinua kichwa.

"Blagica lilikuwa jina la shangazi yangu," akasema. "Mbea, lakini msafi. Angalia usimwaibishe."

Baba alinyamaza miaka miwili. Halafu Ijumaa moja akaingia dukani, akapanga foleni kama watu, akanunua kipande cha papa, akala pale pale amesimama.

"Chumvi imezidi," akasema.

Ndiyo ikawa suluhu. Mimi nilikuwa kwenye foleni, nilikula papa yule yule. Chumvi haikuwa imezidi.

Sanaa ilimwanza kwenye miaka thelathini, kama inavyowaanza watu hapa ugonjwa wa magoti. Onyesho la kwanza alipiga bati la banda la kuku la baba yake kwa kikapu cha kukaangia chipsi, saa nzima, hadi kuku wakaacha kutaga. Onyesho la pili aliandika kitabu cha sentensi moja kuhusu mafuta ya kukaangia, akamsomea mtu mmoja mmoja ndani ya kibanda cha simu. Mimi nilisomewa kurasa kumi na moja. Nukta sikuiona. Onyesho la tatu alifua aproni ya bibi yake kwa saa sita mbele ya watu. Hiyo ikatoka gazetini, na kwenye picha aproni bado ina doa.

Hayo yote yaliandaliwa na watu wa Bucha. Bucha ni bucha kweli, lilifungwa zamani, kulabu zake bado zinaning'inia. Aliyelifungua upya ni mume wangu, Lindsay. Yeye alikuwa akifundisha piano shuleni, mimi nikichomelea mabomba kiwandani. Tuliishi pamoja miaka thelathini na minane, wanaume wawili wenye paka mmoja baada ya mwingine, na sheria iliporuhusu tukaandikishana ndoa. Lindsay alisema vigae vya bucha vinarudisha sauti vizuri. Mimi nilisema vinanuka. Tulikuwa sahihi wote wawili.

Watu wa Bucha hawachezi nota. Wanacheza karatasi. Mtu anaandika maagizo kwa maneno, mistari mifupi mifupi, anatumbukiza kwenye bakuli la bati. Mwingine anachomoa na kufanya alivyoelewa. Na sheria yao moja, wanayoishika kuliko sheria za serikali, ni hii: karatasi haiulizwi. Aliyeandika haulizwi alimaanisha nini, na hata ukiiharibu mbele yake ananyamaza. Mtu mmoja aliandika, "Imba mpaka uone haya." Aliyeichomoa aliimba saa tatu. Haya haikufika. Aliyeandika akakaa anatabasamu kama mtu aliyebanwa na mlango.

Sasa, mwezi wa tatu, Blagica alifanya onyesho la kupiga kelele ndani ya ndoo, midomo kaipaka rangi nyekundu mpaka puani. Lindsay alikuwa keshaanza kuumwa, na ugonjwa ulimtoa adabu. Akasimama mbele ya wote akasema, "Hizo ni kelele tu, zimepakwa rangi ya mdomo."

Blagica akatoa kichwa kwenye ndoo. "Afadhali mimi napiga kelele. Wewe unakufa na hata kelele huna."

Hakuna aliyepiga makofi, na watu wa Bucha hupiga makofi hata mlango ukilia.

Lindsay akalazwa mwezi wa tano. Blagica hakuja. Mwezi wa saba Lindsay akafariki. Blagica alikuja mazikoni, akasimama karibu na magari.

Wiki moja baadaye akagonga mlango wangu na sufuria ya maharage ya kuoka ya mama yake. Nilikuwa nimelala mchana na viatu.

"Mjomba Merv, kula."

"Nitakula."

"Usiseme nitakula. Kula nikuone."

Nikala. Akaniambia Bucha wanataka kufanya siku ya Lindsay, wanatafuta karatasi zake ambazo hazijawahi kuchezwa. Nikamwonyesha sanduku.

"Chukua unachotaka," nikasema.

"Chochote?"

"Chochote, mwanangu. Funga mlango ukitoka."

Nikarudi kulala. Nilipoamka sanduku lilikuwa pale pale limejaa. Mlango wa friza ulikuwa mtupu.

Nieleze hapo. Siku moja kabla ya kwenda hospitali, Lindsay aliona friza yetu imeota barafu hadi haifungi. Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, kusoma nasoma, lakini polepole. Kwa hiyo Lindsay aliniandikia kila kitu kwa herufi kubwa, mistari mifupi. Aliandika namna ya kuyeyusha barafu, akabandika kwenye mlango wa friza. Neno friza hakuliandika, liandikwe la nini na karatasi iko juu ya friza?

Mimi sikuyeyusha kitu. Nilikuwa naisoma tu kila asubuhi nikisubiri birika. Ndicho kitu cha mwisho alichoniandikia. Nilikitaka kirudi.

Siku ya tatu tangazo likatoka, limebandikwa hadi kwenye kituo cha basi. "Kazi ya mwisho ya Lindsay Prowse. Mchezaji: Blagica Trajkoska." Chini yake wameichapa karatasi yangu nzima, wengine wakaikata wakaitia fremu:

Zima.
Fungua, uache wazi.
Taulo chini. Zile kuukuu, siyo za bluu.
Usitumie kisu.
Nasema tena, usitumie kisu.
Keti. Subiri. Hutakufa.
Maji yakijaa mwaga, urudi.
Vya nyuma kabisa haviliwi.

Nikaenda dukani. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, foleni hadi nje.

"Blagica, ile karatasi..."

"Mjomba, karatasi haiulizwi. Siki?"

"Sitaki siki. Nataka karatasi yangu."

"Ulisema chochote."

"Nilisema sandukuni!"

"Hukusema sandukuni. Ulisema chochote, na viatu ukiwa umevaa kitandani. Nani anafuata? Mama, wewe ni chipsi kubwa?"

Mwanamke wa nyuma yangu akanisukuma kwa mkoba. "Babu, kama hununui tupishe, watoto wana njaa."

Nikatoka na kipande cha papa ambacho sikuagiza.

Nikamwendea Tamsin Okell. Tamsin anafundisha chuo kikuu, amenyoa upande mmoja wa kichwa, na ndiye anayeandika yale maelezo yanayogawiwa mlangoni. Nilimkuta Bucha na Perry. Perry alikuwa daktari wa meno. Alipostaafu kuumiza vinywa akahamia kwenye masikio, sasa anapiga msumeno kwa upinde wa fidla.

"Tamsin," nikasema, "ile ni karatasi ya friza."

Akanishika mkono wote, mpaka kiwiko. "Mzee Merv. Asante. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta."

"Kipi?"

"Baridi. Nimeandika kurasa nne kuhusu bluu peke yake. Kwa nini anaikataa bluu? Bahari? Mbingu? Wanaume?"

"Taulo za bluu tulipewa na dada yangu siku ya ndoa. Hakutaka zichafuke."

"Ndoa," akasema Tamsin, akaandika.

Perry alikuwa na lake. "Merv, wewe ulimjua. Msumeno ni kisu?"

"Ati?"

"Amesema usitumie kisu, mara mbili. Nataka kujua kama nimekatazwa."

"Perry, usimuulize!" Tamsin akaruka. "Karatasi haiulizwi!"

"Simuulizi yeye, namuuliza mumewe."

Wakapiga kura. Msumeno ukashindwa kwa kura moja.

Jumapili saa nane mchana nikaenda. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unatoka baharini kama una kesi na mtu. Watu wapata sitini, kila mmoja na taulo yake kuukuu. Kijana mmoja alikuja na ya bluu, hakujua. Walimtazama kama ameingia na mzoga. Akalivua shati lake, akalikalia.

Blagica alikuwa amevaa gauni jeusi na mabuti yake ya dukani. Kwenye kulabu ya katikati ametundika donge la barafu kwa wavu wa samaki, chini beseni. Tamsin alininong'oneza kwamba barafu ni huzuni. Nilimwambia barafu ni maji.

Blagica akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, akazima taa. Akasoma wa pili, akafungua milango yote miwili. Upepo ukaingia, maelezo ya Tamsin yakaruka, kurasa nne zote, zikaelekea kwenye njia ya reli. Akasoma habari ya kisu mara mbili, kama ilivyoandikwa. Perry alikaa na msumeno mapajani bila kuugusa. Ni onyesho lake bora kuliko yote niliyowahi kusikia.

Halafu tukaketi, tukasubiri.

Dakika hamsini. Tone. Tone. Mama mmoja alikohoa, akaomba msamaha, akaombwa asiombe msamaha. Beseni likijaa Blagica anakwenda kumwaga barabarani, anarudi. Nyuma kabisa waliweka meza ya keki za nazi, na Perry kapangiwa kuzilinda zisiliwe. Mbwa wa jirani akaingia kwa ule mlango ulioachwa wazi, akazila keki zote, taratibu, anachagua. Perry hakumgusa. Alisema baadaye kwamba mstari haukumtaja mbwa.

Mimi nilikuwa namtazama Blagica. Alikuwa ameishika karatasi yangu kwa mikono yote miwili.

Onyesho lilipokwisha wakaleta viti mbele, kwa mazungumzo. Hiyo nayo ni desturi yao: ukishachoka kukaa kimya, unakaa tena usikilize wakieleza ukimya. Tamsin akasema mume wa marehemu tafadhali atoe neno.

Nikasimama.

"Ile ni karatasi ya friza," nikasema. "Lindsay aliandika namna ya kuyeyusha friza yetu. Taulo za maji. Kisu kisitoboe bomba la gesi. Vya nyuma visiliwe kwa sababu vina miaka sita. Si kazi ya mwisho. Ni friza. Aliniandikia mimi. Naiomba."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Halafu wote. Yule kijana aliyekalia shati lake alilia.

"Friza," Tamsin akasema, kashika kifua. "Jamani. Friza."

"Nyinyi ni wapumbavu?" nikauliza.

Wakapiga makofi zaidi.

Blagica peke yake hakupiga. Nikamnyooshea mkono. "Lete karatasi yangu, Blagica."

"Siwezi, mjomba."

"Huwezi nini? Ni karatasi."

"Siwezi." Akaikunja, akaitia ndani ya gauni, akatoka na mabuti yake kwa mlango ulio wazi. Ile nayo wakaipigia makofi.

Sikulala vizuri. Jumatatu asubuhi nikaenda dukani. Jumatatu wamefunga, lakini mlango wa nyuma huwa wazi. Nikaingia nimekunja ngumi, mtu wa miaka sabini na sita.

Nikamkuta amepiga magoti mbele ya friza kubwa ya duka. Imezimwa. Iko wazi. Taulo kuukuu zimepangwa chini. Beseni. Hakuna kisu.

Nikazitazama taulo zile.

"Unaifanya kila lini?" nikauliza.

"Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Miaka kumi na tisa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mjomba, niliikuta kwenye friza. Ulidhani nitafikiri nini, ni habari za piano?"

"Basi mbona umenifanyia vile? Mbele ya watu? Mimi nasema friza, wananipigia makofi kama sokwe, na wewe unajua!"

Akakamua taulo. Hakunitazama.

"Ningewaambia, wangeipigia makofi hiyo pia. Wale huwajui? Mimi ni mmoja wao, najua. Nilitaka Jumapili moja tu nisome kitu chake, nikisome vizuri, naye Lindsay anyamaze. Sheria ndiyo hiyo, aliyeandika ananyamaza." Akapangusa pua kwa mkono wenye maji. "Nilimwambia anakufa. Nilimwambia mbele ya watu wote."

"Alikuwa anakufa."

"Hata hivyo."

"Ulikuwa unaweza kuja hospitali."

"Nilikuja. Mara nne. Nilifika kwenye lifti, nikarudi."

Nikasema, "Nataka karatasi yangu."

Akasimama, magoti yakalia, akaitoa kwenye mfuko wa aproni. Lakini hakunipa. Akaifungua kwa vidole vyenye maji, akafungua na sehemu ya chini, iliyokuwa imekunjwa kwa nyuma. Mimi sikujua kuwa ina sehemu ya nyuma. Sikuwahi kuibandua.

"Hii sikuwasomea," akasema. "Na nilipoichapisha niliikunja. Hii si yao."

Nikasogea kwenye mwanga. Nilisoma polepole, kama ninavyosoma.

"Donge likikushinda, usijitie uanaume, una mgongo mbovu. Mwite Blagica. Ana mikono."

Nikasoma tena. Alikuwa ameandika mwezi wa tano. Ugomvi wa ndoo ulikuwa mwezi wa tatu.

"Hujawahi kunipigia," Blagica akasema. "Nilisubiri. Nikasema Merv hataki nije. Kumbe wewe hata friza hujaigusa."

"Sikutaka iishe."

"Najua." Akavuta kamasi. "Lakini friza ile mjomba, inanuka hadi barabarani. Hata sisi wa samaki tunashangaa."

Tukaenda kwangu kwa miguu, yeye na ndoo, mimi na taulo. Jirani akauliza kama ni onyesho. Blagica akamjibu kwa lugha ya mama yake, na jirani akaingia ndani.

Alifanya kazi kama anavyofanya dukani, bila maneno, mabega yote. Mimi nikapewa kazi ya kumwaga maji. Donge la juu lilikuwa kubwa kama kichwa cha ng'ombe, limeshika ukutani. Akalikumbatia, akalisukuma, akalitukana kwa lugha mbili. Sikumsaidia. Nilikuwa nimeambiwa nina mgongo.

Lilipotoka akaliweka kwenye sinki, akasimama anapuliza vidole, vyekundu kama pilipili za Stojna. Karatasi ilikuwa mezani. Wote wawili tuliitazama, na kila mmoja alimwona mwenzake akiitazama.

"Ni yako," akasema. "Nilikuwa nakusumbua tu."

"Jina lako limo."

"Mstari mmoja."

Sina mikono ya karatasi, mimi ni mtu wa mabomba. Nikaishika pale penye mkunjo, nikaichana. Haikuchanika sawa. Kwangu ikabaki friza yote, na kichwa cha herufi D ya mstari wake. Nikampa kipande chake.

"Mjomba!" akapiga kelele. "Kazi ya mwisho ya Lindsay Prowse! Tamsin atazimia!"

"Azimie. Tutampigia makofi."

Akacheka mpaka akaketi chini kwenye maji. Kisha hakuwa anacheka. Nilisubiri. Alipomaliza akakitia kile kipande ndani ya buti, akasema huko ndiko kitu chake hakipotei. Akavuta taulo nyingine, akaingiza kichwa kwenye friza.

"Sasa sogea," akasema kutoka humo ndani. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea.